Kabla ya Madhabahu, Mlango wa Jirani



Kuna kauli tumeizoea sana makanisani: "Mimi na Mungu wangu tumeshamalizana." Anayeisema pengine amekula fedha za kikundi cha akina mama, au amesogeza mpaka wa shamba la mjane, au amemsingizia mwenzake hadi akafukuzwa kazi. Amepiga magoti, amelia, ameinuka akiwa mwepesi. Yule mama aliyepoteza akiba yake yumo kanisani humo humo, benchi la nyuma, na hajaambiwa neno.

Siwaiti watu hao wanafiki, na machozi yao nayaamini. Nasema tu kwamba sala yao haijafika mwisho wa safari.

Wengi hujitetea kwa Zaburi ya 51, ile ya Daudi baada ya kumtwaa Bathsheba na kupanga kifo cha mumewe, Uria. Humo Daudi anamwambia Mungu kuwa aliyemkosea ni Yeye peke yake. Ukimkumbuka Uria, aliyepelekwa vitani makusudi ili afe, maneno hayo yanatisha. Lakini angalia kilichotangulia. Nabii Nathani alipotumwa kwa mfalme hakuanza na mambo ya ibada. Alianza na maskini aliyenyang'anywa mwanakondoo wake wa pekee. Mungu mwenyewe ndiye aliyemleta aliyedhulumiwa mbele ya Daudi, kabla Daudi hajafungua kinywa kutubu. Uria alikuwa wa Mungu, na kumuua kulikuwa kumgusa Mungu. Zaburi hiyo haimpi mtu ruhusa ya kumruka Uria.

Torati nayo iliweka utaratibu. Katika Mambo ya Walawi, sura ya 6, aliyemdhulumu mwenzake anarudisha mali yote, anaongeza sehemu ya tano juu yake, kisha anamletea kuhani sadaka ya hatia. Yesu akashika njia hiyo hiyo katika Mathayo 5: sadaka iache pale pale mbele ya madhabahu, ukapatane kwanza na ndugu yako. Wakatoliki wanayo katika Katekisimu yao, kifungu cha 1459: ondoleo linaondoa dhambi, ila halitengenezi kila kilichoharibika. Kilichoibwa kirudishwe, na aliyechafuliwa jina asafishwe.

Kama haya yanasikika kama mambo ya vitabuni, twende Rwanda, magharibi kabisa, kwenye parokia ya Mushaka wilayani Rusizi.

Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, watu walioshiriki kuua walianza kutoka magerezani na kurudi vijijini kwao. Wengi walikuwa Wakatoliki, na walitaka kurudi pia kwenye Komunyo. Padri Ubald Rugirangoga, ambaye mama yake aliuawa katika mauaji hayo, hakuwafungulia upesi. Aliwawekea mafundisho ya miezi kadhaa, na ndani ya kipindi hicho mtu alitakiwa kwenda kwa familia aliyoitendea unyama, kuomba msamaha ana kwa ana. Ndipo akapokelewa tena mbele ya waumini wote.

Mahakama za kijamii za gacaca, zilizosikiliza kesi za mauaji hayo, zilimpunguzia kifungo aliyekiri, kwa hiyo mtu aliweza kukiri huku akihesabu miaka yake. Mlangoni kwa mjane wa Mushaka hapakuwa na miaka ya kupunguziwa. Palikuwa na mtu mikono mitupu, na mbele yake mwanamke aliyejua vizuri mikono hiyo ilifanya nini. Sijui sala ngumu kuliko hiyo. Padri Ubald naye hakuishia kuwaelekeza wengine: alimsamehe mtu aliyehusika na kifo cha mama yake, na watoto wa mtu huyo akawalipia karo.

Hapa nina hofu moja, na lazima niiseme. Habari kama hizi hugeuzwa fimbo ya kumchapia aliyeumizwa. "Mwenzako ameshatubu, wewe moyo wako mgumu kwa nini?" Mwanamke aliyepigwa na mumewe huambiwa hivyo na wazee wa kanisa, mumewe akiwa amekaa pembeni ameinamisha kichwa. Hiyo ni dhuluma ya pili, tena inafanywa kwa jina la Mungu. Na kama kumwona tu aliyemuumiza kunamtia hofu, basi mkosaji asimwendee kabisa. Amtume mchungaji au mtu ambaye aliyeumizwa anamwamini, na kama aliyeumizwa anakataa kusikia, aachwe.

Wapo wanaoniuliza: na aliyekosewa akiwa amefariki? Kitabu cha Hesabu, sura ya 5, kilishalifikiria hilo. Malipo yanakwenda kwa ndugu yake wa karibu, na asipokuwepo ndugu, yanakuwa ya Bwana, apewe kuhani. Kifo hakikufuta deni. Kwa hiyo kama baba wa watu ameshazikwa, watoto wake wapo, na hati ya kiwanja bado iko kabatini kwako.

Na ukienda, ukaomba, ukakataliwa? Usirudi nyumbani ukilalamika kwamba umedharauliwa. Msamaha ni wake, atautoa siku atakayoweza, au asiutoe. Wewe endelea kumwomba Mungu, na shamba lake mrudishie hivyo hivyo.