Baridi ya Usiku, Msituni na Malishoni

Leo tutasoma habari za baridi ya usiku, na namna ya kuipima.

Fikirini mkulima wa milima ya Ileje. Amekopa mbegu za viazi, naye amelima bondeni karibu na kijito. Maji yapo, na upepo haufiki. Husema moyoni, "Mahali pasipo upepo pana joto." Mwezi wa Julai usiku mmoja mbingu ni safi, hakuna wingu, wala jani halitikisiki. Asubuhi nyasi ni nyeupe kama zimemwagiwa chumvi. Jua likipanda, majani ya viazi yanakuwa meusi. Hiyo ndiyo sakitu, yaani umande ulioganda. Deni la mbegu limebaki pale pale. Lakini jirani yake aliyelima mteremkoni, hatua mia mbili juu yake, hakupata hasara. Watu wakaanza kunong'ona juu ya jirani huyo.

Hakuna uchawi hapo. Mchana jua huipasha ardhi moto. Usiku ardhi hurudisha joto lake angani. Mawingu yakiwapo, hurudisha sehemu ya joto hilo chini. Mbingu ikiwa safi, joto huenda zake. Nyasi fupi za malisho hupoa upesi, nazo huipoza hewa inayozigusa. Hewa baridi ni nzito kuliko hewa ya joto; kwa hiyo huteremka polepole kama maji, ikajaa bondeni. Upepo ungeichanganya na hewa ya juu, lakini mkulima wetu alichagua mahali pasipo upepo!

Msituni mambo ni mengine. Majani ya juu ndiyo yanayopoteza joto, na ardhi ya chini imefunikwa kama mtu aliyejifunika blanketi. Miaka ya 1990 wataalamu wa Brazili na Uingereza walisimamisha minara katika nchi ya Amazon, mingine msituni na mingine malishoni, wakapima usiku na mchana. Waliona kwamba malisho yana joto zaidi mchana, na baridi zaidi usiku.

Hapa karibu, katika milima ya Mbeya, Shirika la Utafiti wa Kilimo na Misitu la Afrika Mashariki lilianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kupima mabonde mawili, moja la msitu na moja la mashamba. Hao walitafuta hasa habari za maji. Walikuta kijito cha mashambani kikitoa maji mengi zaidi, hata wakati wa kiangazi, maana miti ya msitu hunywa maji mengi, na udongo ule wa majivu ya volkano huyapokea maji ya mvua vizuri. Nalitaja jambo hili kwa sababu wengi wetu tungalidhani kinyume chake.

Sasa, tutapimaje baridi ya usiku bila kukesha? Kiko kipimajoto cha namna yake, hulazwa chali. Ndani yake mna spiriti, na ndani ya spiriti mna kijiti chembamba. Baridi ikizidi, spiriti hurudi nyuma na kukivuta kijiti. Joto likirudi, spiriti husonga mbele, lakini kijiti hubaki palepale. Asubuhi soma ule mwisho wa kijiti ulio mbali na upande uliovimba. Kisha inua upande uliovimba, kijiti kiteleze mpaka mwisho wa spiriti, ukilaze tena.

Wekeni kimoja malishoni na kimoja chini ya miti, vyote mita 1 na robo kutoka ardhini, ndani ya kibanda cheupe kinachopitisha hewa. Msikitundike ukutani, ukuta hutunza joto la mchana, nao utawadanganya. Mkiweza kupata cha tatu, kilazeni juu ya nyasi zenyewe. Hicho huonyesha baridi kali zaidi, hata sakitu yaweza kutanda wakati kile cha kibandani kinaonyesha digrii 3 juu ya sifuri.

Katika daftari pigeni mistari ya safu tano: tarehe, malishoni, msituni, mawingu, upepo. Someni kila siku saa tatu asubuhi. Wa Tunduma na Vwawa mwaweza kuanza kesho. Wa Ileje ongezeni safu mbili, bondeni na mteremkoni, kisha mleteni daftari darasani kabla mbegu za kiangazi hazijagawiwa.