Volti 2,000 Juu ya Meza ya Fundi

Msikilizaji, leo nazungumza na wewe unayependa kufungua vifaa vya umeme ili uone kilichomo ndani.

Kuna ufundi uliovuma Marekani na Uingereza wa kuchora ubao kwa umeme. Ubao hulowanishwa kwa maji ya chumvi, ukaguswa na nyaya mbili, na moto ukatambaa polepole ukichanua kama mizizi ya mti. Michoro ya aina hiyo aliibaini Mjerumani Georg Christoph Lichtenberg mwaka 1777, kwenye vumbi. Inapendeza, sikatai. Lakini wengi hutumia transfoma iliyong'olewa kwenye maikrowevu mbovu, na hapo ndipo watu wanapopoteza maisha.

Transfoma hiyo hupandisha umeme hadi volti 2,000 hivi. Moja ya kumi ya ampea ikipita kifuani yatosha kuvuruga mapigo ya moyo, nayo transfoma hiyo hutoa zaidi ya hapo mara kadhaa. Kikata umeme cha ukutani hakiioni hatari hiyo, kwa sababu mkondo unaopita mwilini hurudi kwenye transfoma yenyewe. American Association of Woodturners, chama cha wachonga mbao wa Marekani, kimeupiga marufuku ufundi huo katika shughuli zake.

Na kuing'oa transfoma hiyo kwenyewe ni hatari: hata ukichomoa plagi, kapasita ya maikrowevu, kifaa kinachohifadhi umeme, yaweza kubaki na umeme.

Ndugu yangu, ukitaka kujifunza, anza na betri ndogo. Na ukimkuta mwenzako amenaswa na umeme, usimshike. Zima swichi kuu kwanza.