Unapompigia Mwenzio Taa, Wamuokoa Nani?

(Mazungumzo na vijana baada ya taraweh, yakaandikwa baadaye kwa ajili ya jarida)

 

Wazee wetu, mama zetu mlioko upande wa pili wa pazia, na nyinyi vijana wenzangu. Nilipoitwa nizungumze usiku huu nilimwambia aliyenialika kwamba mimi si ustadh. Mimi ni dereva. Nilianza kama makanga, nikapewa usukani, nikaendesha matatu miaka mingi, na sasa naendesha gari la mizigo. Akaniambia, "Basi zungumza hayo unayoyajua." Kwa hivyo leo msinitarajie na hadithi za maswahaba. Nataka tuzungumze juu ya kile kizuizi cha polisi cha usiku, kile cha kupulizishwa, tunachokiita Alcoblow.

Najua kuna mtu ashaanza kusema moyoni mwake, "Hiyo yatuhusu nini sisi? Hiyo ni mashine ya walevi, sisi ni watu wa msikitini." Hebu ningoje kidogo.

Kwanza niwakumbushe tulikotoka, maana vijana wengi hapa walikuwa wadogo. Februari 2004 zilianza kanuni za Michuki, za mikanda na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Nakumbuka jinsi tulivyolalamika. Mimi nilikuwa nikining'inia mlangoni wakati huo, na nilikuwa wa kwanza kupiga kelele kwamba serikali yatuonea. Halafu Disemba 2013 ikaja Alcoblow, ikaletwa kwa nguvu na NTSA pamoja na polisi wa trafiki. Ijumaa na Jumamosi usiku karao wanasimama na tochi, unateremsha kioo, unapewa mrija, unaambiwa "puliza". Ukizidi kiwango, usiku huo unalala selo, na ikifunguliwa korti uko mbele ya hakimu.

Kiwango chenyewe ni maikrogramu 35 za pombe katika mililita 100 za pumzi, au miligramu 80 katika mililita 100 za damu. Na ile mashine haina uchawi. Pombe ikishaingia tumboni huenda kwenye damu, damu hupita mapafuni, na sehemu ya ile pombe hutoka na pumzi. Mashine yapima ile inayotoka ndani. Ndiyo maana peremende hazisaidii, wala kutafuna kitunguu, wala kunyonya sarafu ya shilingi kumi. Wallahi nimemwona mtu mzima akinyonya sarafu kwenye foleni ya magari! Kahawa nayo haiharakishi kitu. Ini hufanya kazi yake polepole, saa baada ya saa, na aliyekunywa mpaka saa tisa usiku anaweza kupulizishwa saa moja asubuhi akapatikana, na yeye aapa amelala na ameoga.

Kijana mmoja aliniuliza wiki iliyopita, kwa uso mkavu kabisa, kama aliyefunga akipulizishwa mchana saumu yake yaharibika. Nikampelekea ustadh swali hilo. Alicheka mpaka akavua kofia. Akasema, "Kupuliza ni kutoa, si kuingiza. Mwambie apulize aende zake."

Sasa tuje kwenye tabia zetu sisi madereva. Mashine ilipokuja, watu hawakuacha kunywa. Walijifunza kukwepa. Wengine walikuwa wakikaa baa mpaka alfajiri wakingoja karao waondoke, halafu watoke wakiwa wamelewa zaidi na usingizi juu yake. Wengine waliacha gari mita mia mbili kabla ya kizuizi wakashuka kwa miguu kama wapita njia. Wengine walikodi mtu wa kuwapitisha tu pale, kisha washike usukani wenyewe mbele. Habari za vizuizi zikawa zapelekwa kwenye simu kila wikendi, kiko wapi, kimehamia wapi.

Na Februari 2017 Mahakama ya Rufaa iliposema zile kanuni za kupulizisha zimevuka mipaka ya Sheria ya Trafiki yenyewe, steji yetu ilikuwa kama sikukuu. Watu walipiga honi. Hakuna aliyeuliza mahakama imesema nini hasa. Haikusema kuendesha gari ukiwa umelewa ni sawa. Kifungu cha 44 cha sheria kilibaki pale pale. Ukiendesha ukiwa umelewa hata huwezi kulimudu gari, ni faini isiyozidi shilingi 100,000, au jela isiyozidi miaka miwili, au vyote. Kosa la zile kanuni lilikuwa kutosheka na nambari ya mashine peke yake. Hilo ni jambo la sheria, na ni zuri kwamba kuna majaji wa kuliangalia. Lakini sisi pale steji tulisikia neno moja tu, "imepigwa marufuku", tukashangilia. Vizuizi vikarudi baadaye, na sisi tukarudi kwenye ujanja wetu ule ule.

Na ujanja mkubwa kuliko wote ni huu wa taa. Nyote mwaujua. Umepita kizuizi, unakutana na gari linalokuja, unaziwasha na kuzizima taa mara mbili. Maana yake, karao wako mbele. Yule anakupungia mkono, au anapiga honi kidogo kukushukuru. Sisi watu wa pwani twaona huo ni utu. Mwenye saumu anapiga, asiye na saumu anapiga. Anayetoka disko anapiga na anayetoka taraweh anapiga. Mimi nimepiga taa maelfu ya mara, na ningeulizwa ningesema namsaidia ndugu yangu.

Ramadhan ya 2018, usiku, nilikuwa narudi mjini nikitokea upande wa Mtwapa. Nilikuwa nimesali njiani. Nikakuta kizuizi, nikapuliza, nikaruhusiwa, na yule karao akanitakia saumu njema. Mwendo kidogo tu mbele nikakutana na gari dogo likija kwa kasi. Nikapiga taa mara mbili. Sikufikiri, mkono ulienda wenyewe. Likanipita, na kwenye kioo nikaona taa zake nyekundu zikipunguza, kisha zikakata kuingia njia ya vumbi, ile ya kupita nyuma ya nyumba za watu na kutokea mbele ya kizuizi. Nikacheka peke yangu. Nikasema, huyu alikuwa na jambo.

Asubuhi yake steji ilikuwa na habari. Mtoto wa miaka kumi na moja alikuwa amegongwa usiku kwenye ile njia ya vumbi, akitoka msikitini na kibuli mkononi cha kumpelekea nyanya yake maji ya zamzam aliyopewa na mtu. Gari halikusimama. Mguu ulivunjika mahali pawili.

Mimi sijui kama ni lile gari. Nataka mlielewe hilo, kwa sababu nikiwaambia kwamba najua nitakuwa nasema uongo usiku wa Ramadhan. Magari mengi hukwepea njia ile. Niliona taa tu, sikuona rangi, sikuona nambari. Huenda dereva hakuwa mlevi, huenda alikuwa hana leseni, huenda alikuwa na haraka zake. Lakini saa ni ile ile, njia ni ile ile, na aliyemwambia mtu fulani usiku ule apite nyuma ya nyumba za watu ni mimi.

Nilienda hospitali siku ya tatu na ndizi na juisi. Mama yake akaniondolea mkoba kwenye kiti nikae, akanishukuru kwa kuja, akidhani nimetumwa na watu wa msikiti. Sikumwambia kitu. Nilikaa na siri hiyo miaka miwili. Siku nilipomwambia, yeye alikuwa anachambua mchele, hakuacha kuchambua. Akaniuliza swali moja, "Nambari ya gari hukuiona?" Nikasema sikuiona. Akasema, "Basi." Yule kijana yuko hai, alhamdulillah, na mpira anacheza, ila ukimtazama akikimbia utaona.

Tangu hapo sipigi taa. Wenzangu wananiambia, "Wewe umekuwa mtu wa karao." Na wana hoja, sitaki kuwadharau. Wanasema vizuizi vingine si vya usalama, ni vya kutafuta chai, na dereva anapomwonya mwenzake anamwokoa na wizi. Kweli yapo hayo. Nimesimamishwa na watu wenye mashine mkononi ambao macho yao yalikuwa kwenye mfuko wangu wa shati. Lakini ndugu zangu, taa haichagui. Ukiipiga, anayeiona ni yule mzee anayemkimbiza mkewe kujifungua, na ni yule aliyemaliza chupa nzima. Hujui unamwambia nani. Ukiwa na ugomvi na mla rushwa, gombana naye pale pale kizuizini. Omba mrija mpya, na uone ukifunguliwa kwenye karatasi yake mbele yako. Omba uonyeshwe nambari kwenye mashine. Kama umesukutua mdomo kwa dawa au umejipulizia ya kuondoa harufu dakika hiyo, sema, na omba usubiri robo saa upime tena. Kama huna kosa, ukiambiwa uende kituoni, nenda kituoni. Wengi wanaotoa mia mbili hutoa kwa kuogopa kuchelewa, si kwa kuonewa.

Sasa wazee na mama zetu, samahani, hili ni lenu. Twajifanya kana kwamba watoto wetu hawamo kwenye ile foleni. Wamo. Mimi nawajua, kwa sababu nimewabeba. Na kijana wa Kiislamu akipatikana na Alcoblow, nyumbani hakuna anayeuliza kama amemgonga mtu. Wanauliza nani amemwona! Baba anatoka usiku na bahasha, anatafuta anayemjua OCS, jambo limalizwe kabla ya alfajiri ili jina lisisomwe kortini na jamaa wa msikitini wasisikie. Kijana anarudi nyumbani kwa mlango wa nyuma, na funguo za gari zinarudishwa kwenye msumari wake ukutani. Yule mzee amelipa pesa nyingi, na alichokinunua ni nafasi ya mwanawe kulewa tena nyuma ya usukani. Bora mwana asimame kortini alipe faini mchana kweupe, kila mtu amwone. Aibu hiyo huisha. Kuna aibu nyingine haziishi.

Tena tujiangalie sisi ambao twapuliza na mashine inasoma sifuri. Mashine haipimi muguka. Haipimi miraa. Dereva amekesha siku mbili macho yamemtoka, anapuliza, anaambiwa "safiri salama mzee". Mwaka 2024 hapa pwani tulizozana sana juu ya muguka, kaunti ya Mombasa ikapiga marufuku, mambo yakaenda kortini, sitaki kuyafungua usiku huu tutalala hapa. Nasema tu kwamba haisomeki kwenye mrija. Na usingizi hausomeki. Watafiti wamempima mtu aliyekaa macho saa 24 wakakuta mikono na macho yake yanafanya kazi kama ya mtu aliyekwisha pita kile kiwango cha miligramu 80. Sasa fikiria sisi mwezi huu. Taraweh, halafu barza, halafu daku, halafu Fajr, na saa kumi na mbili asubuhi uko kwenye usukani na abiria kumi na wanne nyuma yako. Halafu jioni, ile robo saa kabla ya Maghrib! Kila mtu anataka kuwahi tende yake. Nimeona mambo kwenye daraja la Nyali ile saa ambayo mlevi wa Mtwapa hajapata kuyafanya. Tende inaweza kuliwa ndani ya gari limesimama kando ya barabara, na kikombe cha maji kikanywewa hapo hapo. Mimi huweka kikopo cha tende kwenye dashibodi mwezi mzima, na makanga wangu wa zamani alikuwa akiziiba tangu saa tisa, naye alikuwa Mkristo kwa hivyo sikuwa na la kumwambia.

Nimalizie na tangazo, maana wenye chama wananionyesha saa. Siku ya pili ya Idd, insha Allah, chama kitakodi matatu mbili kuwapeleka vijana Malindi. Tumezungumza na madereva wote wawili. Tumewaomba walale usiku wa kuamkia safari, na tumewalipa siku ile nzima ili wasiende kutafuta squadi usiku. Kutakuwa na mtu mzima kiti cha mbele katika kila gari, mimi katika moja. Wazazi mnaotaka kumwona dereva kabla ya kumkabidhi mtoto, njooni saa moja asubuhi hapa nje ya msikiti, mumsalimie, mzungumze naye, mumtazame macho. Tutaondoka saa mbili. Anayechelewa asipande bodaboda kutukimbilia, apige simu, tutamngoja.