Picha Bila Tarehe: Mto Ewaso Nyiro katika Matangazo ya Loji Zetu

Mada iliyotolewa katika warsha ya mameneja wa loji, waelekezi na wapiga picha, Isiolo



Nimepewa dakika ishirini nieleze nafasi ya upigaji picha katika kuzitangaza hoteli. Barua ya mwaliko ilinitaka nianze na fasili. Picha ya hoteli ni picha inayomuuzia mtu kitanda ambacho hajakilalia. Zipo za vyumba, za vyakula, za mandhari na za shughuli kama matembezi ya ngamia. Haya sote tunayajua. Niongeze tu, kama nilivyoombwa, kwamba maoni ni yangu na si ya chama chetu, na kwamba loji nitakazozigusa sitazitaja.

Kuna wanaolalamikia lenzi pana. Ni kweli, lenzi ya milimita 16 hukigeuza chumba cha hatua tano kikawa ukumbi wa harusi. Lakini mgeni wa siku hizi ana simu yenye lenzi hiyo hiyo, ujanja huo anaujua na husamehe. Kinachonikosesha usingizi ni kitu kidogo kuliko lenzi, nacho ni tarehe.

Hifadhi za Shaba na Buffalo Springs ziko kusini mwa mto Ewaso Nyiro, ile ya Samburu iko ng'ambo. Loji nyingi za pande zote mbili zimejengwa ukingoni, na kila meneja anataka maji yaonekane nyuma ya meza ya kifungua kinywa. Jina lenyewe la mto, kwa Kimaa, linataja maji ya rangi ya kahawia. Hata hivyo nimeombwa zaidi ya mara moja niyapake bluu.

Mwezi wa Mei mmoja nilipiga picha ya mto ukiwa umejaa, mvua ya masika imeshanyesha Mlima Kenya na Nyandarua. Jua lilikuwa limetoka punde, mikoma imejipanga, maji yanang'aa. Picha ilipendwa, ikapelekwa kwa mawakala wa Ulaya. Mwaka uliofuata, mwezi wa Septemba, nilikuwa mapokezini pa loji ile nikisubiri malipo (kazi ninayoifanya mara nyingi kuliko kupiga picha). Mume na mke waliingia, wakaweka simu juu ya kaunta. Kwenye kioo palikuwa na picha yangu. Nje, mahali pa mto, palikuwa na laga: mchanga mtupu, nyayo za nyani, na korongo mmoja amesimama kwa mguu mmoja. Binti wa mapokezi, mzaliwa wa Kulamawe, aliitazama picha, akatazama dirishani, akasema kwa upole, "Mto umepumzika kidogo."

Nani alidanganya hapo? Mimi nilipiga nilichokiona. Meneja alituma alichopewa. Wakala aliweka alichopokea. Kilichodondoka njiani ni neno moja, "Mei".

Mto huu hukauka, na hilo si siri kwa mkaazi wa Archers Post. Kati ya 2020 na 2022 mvua zilitukosa misimu mitano mfululizo, mifugo ikafa, pundamilia wa Grevy wakafa. Huko juu, mashamba ya Laikipia na Timau nayo huchota maji yake. Suala la wachotaji nimeshauriwa nisiliguse leo, nami siligusi.

Tena mto huohuo hufurika. Tarehe 4 Machi 2010 maji yalikuja kwa kishindo yakazisomba kambi kadhaa za Samburu, pamoja na kambi ya utafiti ya Save the Elephants na ile ya Elephant Watch. Nyingi zilijengwa upya. Lakini picha hazikusombwa. Miaka kadhaa baadaye nilikuta kijitabu cha wakala kikionyesha sitaha ambayo mbao zake zilikwenda na maji kuelekea kinamasi cha Lorian. Hoteli inaweza kufa, picha yake ikaendelea kupokea wageni.

Mkisema picha isiyo na tarehe ni jambo dogo, tuwaulize wateja wetu Wajerumani. Mwaka 1985 mahakama ya Frankfurt ilichapisha jedwali la kukadiria punguzo kwa safari iliyokwenda kombo. Aliyeahidiwa mandhari ya bahari akayakosa, hukadiriwa asilimia 5 hadi 10 ya bei. Aliyeahidiwa bwawa la kuogelea akakuta hakuna, 10 hadi 20. Si sheria, ni mwongozo, lakini mteja anayelijua jedwali hilo hulitumia kudai. Kwetu pia ipo sheria ya 2012 ya kumlinda mtumiaji, inayokataza maelezo yasiyo ya kweli kuhusu bidhaa na huduma. Sijasikia kesi ya mto. Sitaki ya kwanza iwe hapa Isiolo.

Sasa mapendekezo, ambayo naogopa ni mengi.

Kila picha ya nje iandikwe mwezi na mwaka. Iandikwe chini ya picha, si katika ukurasa wa masharti ambao hausomwi.

Loji ipige mandhari yake angalau mara mbili kwa mwaka, maji yakiwepo na yasipokuwepo. Najua bajeti. Mwelekezi mwenye simu nzuri anatosha kwa picha ya pili.

Picha zisitumwe kwa WhatsApp kama picha. Programu hiyo huipunguza picha na kufuta taarifa zilizomo ndani yake, tarehe ikiwemo. Zitumwe kama faili, tarehe itafika salama. Hili nimelisema katika warsha tatu, na mwaliko wa kuja hapa uliambatana na picha ya loji iliyotumwa kwa WhatsApp.

Mawakala waandikiwe kila Januari waondoe picha za majengo yasiyokuwepo. Waandikiwe tena Juni.

Maji yasiongezwe kwa kompyuta. Sasa zipo programu za akili bandia zinazoujaza mto kwa sekunde tano, na nimeshaombwa. Nilikataa, kazi ikapewa mwingine.

Kaunti, kwa kuwa ndiyo inayosimamia Shaba na Buffalo Springs, ifikirie, kwa wakati itakaoona unafaa, kudai tarehe katika picha za hifadhi zake. Na, narudia, kila picha ya nje iandikwe mwezi na mwaka.

Mameneja huniuliza nani atakuja akiona mchanga. Niwaeleze nilichokiona. Mto ukikauka, ndovu huchimba mchangani kwa mguu na mkonga hadi maji yachimbuke, kisha hunywa taratibu, watoto wakingoja zamu. Ndovu wakiondoka, wanyama wengine hukaribia kisima hicho. Nililala kifudifudi ukingoni saa nzima, mchanga umejaa kwenye kamera, nikapata picha hiyo. Loji nne ziliikataa kwa kuwa haina maji. Ya tano iliikubali, ikaandika chini yake "Septemba". Septemba iliyofuata binti wa mapokezi pale aliniambia kwamba wageni humuuliza ndovu huja kuchimba saa ngapi.