Msongo wa Mawazo: Tusimpime Mama kwa Kipimo cha Baba
Hotuba ya afisa wa afya ya akili kwa wahamasishaji wa afya ya jamii



Mtanishangaa nikianza na panya. Lakini mengi tunayojua kuhusu msongo wa mawazo na sonona, yaani huzuni nzito inayodumu majuma mawili au zaidi, yalichunguzwa kwanza kwa panya wa maabara. Watafiti humbana panya au humweka na mwenzake mkali, kisha huangalia anavyobadilika: huacha maji ya sukari aliyoyapenda na kujitenga na wengine.

Kwa miaka mingi, panya hao walikuwa madume. Uchambuzi uliochapishwa mwaka wa 2011 ulionyesha kwamba katika sayansi ya ubongo, tafiti za madume pekee zilizidi za majike pekee kwa zaidi ya mara tano. Ilidhaniwa kwamba homoni za jike zingevuruga matokeo. Mwaka wa 2014, uchambuzi wa makala 293 ulionyesha kuwa majike hawabadiliki kuliko madume.

Majike walipopimwa, mambo yalionekana tofauti. Mwaka wa 1998, Tracey Shors na mwenzake huko Marekani walionyesha kwamba baada ya msukosuko uleule, panya dume walijifunza jambo jipya upesi zaidi, lakini majike walilemewa. Mwaka wa 2010, watafiti wengine waligundua kuwa panya dume akipata msongo, seli fulani za ubongo wake huvuta ndani vipokezi vya homoni ya msongo, kama mtu afungaye dirisha vumbi likizidi. Seli za jike hazikufanya hivyo.

Panya si binadamu, na hakuna anayesema wanawake ni dhaifu. Funzo ni kwamba ukipima upande mmoja, upande wa pili utaumia kimya kimya. Mwaka wa 2013, Marekani ilipunguza kwa nusu kipimo cha zolpidem, dawa ya usingizi, kwa wanawake, kwa sababu ilibaki mwilini mwao hadi asubuhi na kuhatarisha waendeshao magari. Dawa hiyo ilikuwa imetumika kwa miaka mingi.

Shirika la Afya Duniani linasema sonona huwapata wanawake zaidi ya wanaume kwa takriban asilimia 50. Hata hivyo, duniani wanaume ndio wanaokufa zaidi kwa kujitoa uhai. Kwa hivyo, mnapozuru nyumba kwa nyumba, naomba mambo matatu.

Kwanza, mama aliyejifungua akilia kila siku, msimwambie ni homoni tu, zitapita. Mpelekeni kituo cha afya.

Pili, baba aliyegeuka mkali, anayekunywa kupita kiasi au asiyelala, msimwambie ajikaze. Huenda ndivyo sonona yake inavyojitokeza. Muulizeni waziwazi kama amewaza kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Akikubali, msimwache peke yake hadi apate msaada.

Tatu, mume na mke wasigawane dawa. Kila mmoja apimwe na apewe yake.

Ugonjwa huu unatibika. Anayeumwa anahitaji kwanza mtu wa kumsikiliza, na mara nyingi ninyi ndio mnaofika mlangoni kabla ya daktari.