Balozi na Makaburi ya Mazimbu

Urafiki wetu na Afrika Kusini haukuanzia ofisini. Ulianzia hapa, chini ya Uluguru. ANC walifanya mkutano wao Morogoro mwaka 1969. Mwaka 1977 Serikali iliwapa Mazimbu, shamba la zamani la mkonge. Wakajenga shule, wakaiita kwa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Majengo waliyakabidhi 1992, na leo ni ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Makaburi yamebaki.

Nilipohudumu Pretoria, baada ya uchaguzi wa 1994, wazee wakisikia natoka Morogoro waliweka mafaili kando, wakauliza: "Makaburi yanafagiliwa?"

Jumamosi nakwenda kuyatazama. Gari lina nafasi ya vijana sita.