Musiwashe mbele ya kuangalia

Maneno ya mwanachama mmoja, fundi wa umeme, kwenye mkutano wa warudiaji wa Masisi na Walikale

  Wanaonijua wanajua kama miye si mtu wa hotuba. Leo nitasema ju ya nyaya tu. Lakini nitaanza na kosa langu mwenyewe, ju kosa la mwingine ni rahisi kulisema.

Mbele tukimbie, usiku moja wa Noeli, fizibli ya nyumba yangu iliungua. Maduka yalikuwa yamefungwa, na wageni walikuwa wanangoja muziki. Nikachukua uzi wa shaba, nikauzungusha fasi ya fizibli, mwanga ukarudi. Nikasema: kesho nitanunua ingine. Kesho ile haikufika. Miezi ilipita, vita ikaja, tukafunga mlango tukaenda, kwanza Sake, kiisha kwenye kambi za kando ya Goma.

Tuliporudi, tulikuta nyumba bado imesimama. Tulimshukuru Mungu. Jirani mmoja alikuwa na jenereta kubwa, anauzia watu umeme wa jioni. Siku ya tatu akanivutia waya. Nikawasha. Watoto wakapiga makofi.

Usiku ule tulisikia harufu ya plastiki. Panya walikuwa wamekula nyaya juu ya plafo, shaba mbili zikagusana, na ule uzi wangu wa Noeli haukukatika. Ingekuwa fizibli ya kweli, ingekatika palepale, tungelala gizani na kunung'unika, basi. Moto ulikula nusu ya nyumba. Mtoto wa dada yangu alitoka na mkono umeungua. Leo anaandika nao, tunashukuru. Lakini mbegu za maharagi tulizopewa kwa kupanda, magodoro, na vyeti vya masomo tulivyovitunza miaka yote ya kambi, vyote viliisha kwa saa moja. Nyumba yangu ilipita katika vita nzima. Aliyeichoma ni miye.

Ndiyo maana nawaambia: nyumba uliyoiacha si ile unayoikuta.

Wengi wetu tulirudi kwa haraka. Mwanzo wa 2025, wakati kambi kama Bulengo na Lushagala zilipovunjwa, familia zilibeba sufuria na mashuka, zikachukua barabara ya Sake kupanda Masisi. Watu wa Walikale-centre nao walikimbilia porini mwezi wa tatu mwaka uleule, kiisha wakaanza kurudi kidogo kidogo. Mtu akirudi, anaangalia manjanja, anaangalia mlango, anaangalia shamba. Nyaya nani anaziangalia? Zimejificha ndani ya ukuta na juu ya plafo.

Sasa, nyumba ikifungwa mwaka moja ao mitatu, nini inafanyika? Panya wanatafuna plastiki ya waya, wanaacha shaba uchi. Manjanja yenye matundu ya risasi yanaingiza mvua, na maji yanafuata waya mpaka kwenye prizi. Kule Walikale, ndani ya pori, joto na unyevu haviishi: shaba inageuka kijani, misumari ya prizi inashika kutu. Masisi kwetu juu kuna ukungu na mvua ya kila mara. Risasi iliyoingia ukutani inaweza kuwa imekata waya usiouona. Na wezi wakivuta nyaya za kuuza, hawafungi zile ncha wanazoacha.

Zile nyumba za kale za mashamba na za misheni zina shida ingine. Ndani yake munaweza kukuta nyaya zilizovikwa mpira na kitambaa. Mpira ule ukizeeka unakauka, unapasuka. Ukiugusa unaanguka kama ganda la mti. Waya wa namna ile hautengenezwi na utepe. Unatolewa, unawekwa mupya.

Nyumba yenyewe inakuonya mbele iungue. Musikilize alama hizi:

Harufu ya plastiki inayoungua, hata kama hauoni moshi.

Prizi ao kichwa cha ralonji kikiwa cha moto ukikigusa, ao kimegeuka rangi, manjano ao nyeusi pembeni.

Ampuli inayocheza, inapunguka kila mara ukiwasha kitu kingine.

Sauti ya kunguruma ao cheche kwenye prizi.

Kuchomwa-chomwa kidogo kwenye vidole ukigusa frigo, mlango wa chuma ao manjanja. Hii musiichekee. Waya uliochunika ukigusa manjanja, paa nzima inakuwa na umeme, na mama anayeanika nguo pale anaweza kufa.

Dijontere inayoanguka kila mara. Wengi wanaikasirikia, wanaifunga na kamba isianguke. Ile ni sawa na kumfunga mbwa mdomo usiku wezi wanapoingia.

Ukiona moja ya hizi, kata umeme, ita fundi. Usingoje ya pili.

Kwa yule anayerudi leo, hizi ndizo hatua. Kwanza, mbele ya kupanda juu ya plafo, uangalie vizuri: ukikuta kitu cha vita, usikiguse, toka na uite wakubwa wa eneo. Pili, usiunganishe nyumba na jenereta, wala turbini, wala kontere, mpaka mtu afuate kila waya toka mwanzo mpaka mwisho. Tatu, fungua kila prizi, angalia kutu, maji na majivu. Nne, maunganisho yote yaliyofungwa na sashe yafunguliwe, yafanywe upya ndani ya kisanduku. Sashe inayeyuka, kiisha inawaka. Tano, angalia fizibli: ukikuta msumari, karatasi ya sigara ao uzi wa shaba kama ule wangu, toa leo. Si kesho.

Waya nao una kipimo chake. Kwa ampuli, waya wa 1,5 na dijontere ya amperi 10. Kwa prizi, waya wa 2,5 na dijontere ya amperi 16. Dijontere inapashwa kulinda waya; ukiweka kubwa kuliko waya, waya ndio utaungua kwanza, na dijontere itakaa inatazama. Resho moja ya wati 2000 kwa voliti 220 inakula amperi 9 hivi. Ongeza pasi ya wati 1000, zinapita 13. Ukiziweka zote kwenye ralonji moja nyembamba, ile ya kufungia ampuli, umewasha jiko ndani ya ukuta wa mbao. Mwenye uwezo aongeze dijontere diferansieli ya miliamperi 30, ile inayokata haraka mtu akiguswa na umeme, na ule waya wa kijani na manjano unaoingia kwenye udongo.

Wengine mutasema: miye niko na sola, ile ni voliti 12, haiui. Ni kweli haikupigi sana. Lakini inachoma. Wati 100 kwa voliti 220 hazifiki hata nusu amperi. Wati zilezile kwa voliti 12 zinapita amperi 8. Kwa hiyo sola inahitaji waya munene zaidi, si mwembamba zaidi. Batri ikigusanishwa mbavu mbili, waya unakuwa mwekundu kama chuma cha mhunzi. Muweke fizibli karibu kabisa na upande wa plusi wa batri. Batri isikae chini ya kitanda. Zile za maji zinatoa gesi inayoweza kulipuka wakati wa kuchaji. Konvertisere nayo inatoa voliti 220 kamili: muiogope sawa umeme wa SNEL. Na jenereta ikae inje siku zote, mbali na dirisha. Moshi wake unaua watu wakiwa usingizini, hawasikii kitu.

Mtu akishikwa na umeme, usimvute na mikono. Kata umeme kwanza. Ukishindwa, msukume na kijiti kikavu, na wewe usimame fasi kavu. Waya ukiwaka, usimwage maji wakati umeme ungali unapita. Kata, kiisha mwaga udongo ao mchanga. Watoto wote wa nyumba wajue fasi ya kukatia, na wafundishwe kukatia gizani.

Nimalize na maneno mawili.

Kwenu wanachama: tulipokuwa kambini, kila mtu alichunga moto wa jirani, ju shiti moja ikishika, zote zinashika. Tusiache desturi ile ju sasa tuko na kuta. Naomba ndani ya kila kikundi tuchague watu wawili, nitawafundisha bure siku za posho, watembee nyumba kwa nyumba na testere mkononi. Mjane asikose kuangaliwa ju hana ya kumlipa fundi.

Kwenu wachangiaji: munatupa manjanja na misumari, na Mungu awabariki. Nawaomba, kwenye kila nyumba yenye nyaya munayosaidia kuezeka, muongeze dijontere mbili na rola ya waya wa kipimo. Ni kitu kidogo kando ya bei ya paa. Mwaka jana miye nilipewa paa nzuri sana. Ile niliyoichoma.

Ninyi wengine, mukifika nyumbani leo, mbele ya kukaa kula, mufungue kile kisanduku cha fizibli. Mukikuta uzi wa shaba, munijulishe. Sitacheka mtu.